Nibaki Mwanza au nihamie Dar? Jibu kwa DJ chipukizi

Swali limetoka kwa kijana wa miaka 23, mkazi wa Igoma, Mwanza. Nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nina kontrola (mashine ya ku-DJ) niliyonunua kwa mtu, kompyuta ya dada yangu, na huu mwaka wa pili napiga Ijumaa kwenye baa moja maeneo ya Buzuruga. Wananipa elfu kumi na tano na soda. Naposti klipu karibu kila siku lakini hazifiki popote. Ma-DJ tuko wengi na wote tunapiga nyimbo zile zile. Nifanye nini nionekane? Na hii kazi inaweza kunilisha kweli, au nihamie Dar?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali, na katikati yake umeliweka jibu mwenyewe: wote mnapiga nyimbo zile zile. Mwenye baa akisikia ma-DJ watano wenye nyimbo hamsini zilezile za wiki, hana sababu ya kumchagua mmoja ila bei. Ndiyo maana uko kwenye elfu kumi na tano. Hata ukinunua kontrola mpya kesho, bei itabaki hapo hapo, maana mteja haoni kontrola, anasikia nyimbo.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni maktaba. Wengi wakisikia neno hilo wanakimbilia kujaza diski kwa nyimbo elfu ishirini walizokopi kwa mtu, halafu ukiwauliza kilichomo hawajui. Mimi nataka uwe na nyimbo chache ambazo wenzako hawana, uzijue kama unavyojua njia ya kwenu: zinaanzia wapi, ngoma inaingia lini, mwimbaji ananyamaza wapi.

Na hapo ulipo umekaa juu ya hazina. Mwanza ni mji wa Wasukuma, lakini pia wamejaa Wahaya waliovuka ziwa kutoka Bukoba, Wakurya na Wajaluo wa Mara, Waha wa Kigoma, na wafanyabiashara wenye ndugu Burundi, Rwanda na Kongo. Kila kundi lina muziki wake wa kuchezea. Wasukuma wana bugobogobo na wana nyimbo za siku hizi zenye gitaa na kinanda zinazouzwa kwenye vile vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi. Wajaluo wana benga. Wakurya wana litungu. Wakongo wana sebene, na hiyo hata asiye Mkongo huinuka. Ni DJ gani wa rika lako hapo mjini anaweza kupiga nusu saa ya Kisukuma safi bila kurudia wimbo na bila kuchemsha? Kama yupo, ni mmoja au wawili, nao hawalipwi elfu kumi na tano.

Nenda kwenye vibanda hivyo siku ya katikati ya wiki, wakati hakuna foleni. Muulize kijana wa pale ni nyimbo gani watu wazima wanaziomba, si zipi mpya. Kaa naye, sikiliza, andika majina. Ukishajua majina, mtafute msanii mwenyewe au anayemsimamia, uombe faili nzuri. Wasanii wa namna hiyo mara nyingi wanapatikana kwa simu, na wanafurahi kusikia DJ wa mjini anataka kuwapiga. Hutahitaji tena lile faili lililopita simu kumi kabla ya kufika kwako.

Na hapa niseme kuhusu ubora, maana wengi hawaujui. Wimbo ulioutoa kwenye video ya intaneti ukaubadilisha kuwa MP3 ya kilobiti 320, kile kiwango cha juu, hauwi wa 320. Kilichopotea kimepotea, umeongeza ukubwa wa faili tu. Kwenye hedifoni hutaona tofauti. Kwenye spika za ukumbi wenye watu 400 utaiona mara moja: besi inavimba bila kupiga, na matoazi yanasikika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati.

Sasa nikuonyeshe hiyo maktaba inalipa wapi. Haikulipi baa, inakulipa ukumbini. Chukua harusi. Imefika saa 4 usiku, chakula kimekwisha, MC anaita zawadi. Anasema, "Sasa tunawakaribisha upande wa mama mzazi wa bibi harusi." Nyuma ya ukumbi kina mama kama thelathini wanajipanga, mmoja ana blanketi kichwani, wawili wamebeba jiko la gesi, shangazi mkubwa yuko mbele na leso mkononi. Una dakika moja, pengine hata hiyo haipo. Ukiwawekea amapiano iliyovuma wiki hii, watatembea. Wataleta zawadi, watapiga picha, watarudi kukaa. Ukiwawekea wimbo wa kwao, na ukauanzia pale ngoma inapoingia badala ya ule utangulizi mrefu wa gitaa, hawatembei tena. Shangazi anasimama katikati, anashuka na mabega, wanawake wa meza za nyuma wanakuja na noti kumtunza, na upande wa bwana harusi wanaanza kuulizana, "Sisi yetu ipo?" Hakikisha ipo.

Kwenye meza za mbele hapo wamekaa wanakamati. Kila mmoja ana mtoto wa kaka, ana binti wa jirani, ana send-off ya mwezi wa tisa. Hawatakumbuka ulimiksi vipi. Watakumbuka mama mkubwa alicheza.

Ili uweze hilo, panga mafaili yako kwa shughuli, usipange kwa mwaka wala kwa herufi. Faili la maharusi kuingia, la chakula, la keki, la shampeni, la zawadi kwa kila kabila unaloweza kukutana nalo, la kufungua muziki, la kufunga. Kwenye programu yako, iwe Virtual DJ, Serato au Rekordbox, weka alama mbili kwa kila wimbo: pale ngoma inapoingia na pale unapopenda kutokea. Ni kazi ya kuchosha ya mchana, lakini usiku inakufanya uonekane unasoma mawazo ya watu.

Kabla ya kila shughuli mpigie simu mwenyekiti au katibu wa kamati, umuulize mambo matatu: makabila ya pande zote mbili, dini, na wimbo ambao hawataki kabisa kuusikia. Hilo la tatu wanashangaa kuulizwa. Lakini familia zina mambo yake. Kuna wimbo ulipigwa kwenye msiba, kuna wimbo ulikuwa wa mchumba wa zamani.

Nisikuache na mawazo kwamba ufundi wa mikono si kitu. Ni kitu, ila ufundi unaokutambulisha ni ule unaotatua tatizo la mahali pako. Nikupe mmoja. Kila DJ wa Tanzania anajua ugumu wa kuingia singeli. Ukumbi uko kwenye amapiano, mapigo kama 112 kwa dakika, na singeli inakimbia kuanzia 200 na kuendelea, nyingine zinakaribia 300. Wengi wanafanya nini? Wanakata muziki, wanapiga kelele kwenye kipaza, wanaanza upya. Watu wanapoa, wanaenda kukaa.

Fanya hesabu: 112 mara mbili ni 224. Yaani singeli ya 224 na amapiano ya 112 zinatembea pamoja, moja inapiga hatua mbili pale nyingine inapopiga moja. Tafuta singeli iliyo karibu na hapo, isogeze kidogo ifike 224. Hesabu mapigo 32 ya amapiano, ambayo kwa mwendo huo ni kama sekunde 17. Mwanzoni mwa mapigo hayo ingiza singeli ikiwa besi yake umeifunga kabisa, isikike ile sauti ya juu tu inayokimbia. Watu wataanza kugeuka bila kujua kwa nini. Mapigo 32 yakiisha, funga besi ya amapiano na ufungue ya singeli kwa pamoja, kisha toa amapiano haraka, usiing'ang'anie, maana zile ngoma mbili zikikaa pamoja muda mrefu zinakuwa vurugu. Angalia pia programu isikudanganye: mara nyingi singeli ya 224 inaandikwa 112, na hapo kitufe cha kulinganisha mwendo kitakusaidia, ikiandikwa kitu kingine cha ajabu, zima hicho kitufe na utumie masikio. Kurudi chini ni njia hiyo hiyo kinyume chake.

Ukilimudu hilo, rekodi. Hiyo ndiyo klipu ya kuposti. Nimeona aina ya klipu unazosema, kila mtu anazo: DJ ameinamisha kichwa, taa zinawaka, mkono juu. Mtazamaji wa Nyegezi hana cha kubaki nacho. Geuza kamera kwa watu. Posti ile sekunde ya shangazi kusimama katikati (baada ya kuomba ruhusa kwa wenye shughuli, tafadhali), posti lile badiliko la 112 kwenda 224 huku mikono yako ikionekana. Mbili kwa wiki zinatosha. Miksi ndefu ziweke Mixcloud, mtandao wa kuwekea miksi, ambako leseni za nyimbo wanazishughulikia wao wenyewe. Instagram na Facebook wana tabia ya kukukatia sauti katikati. Na punguza lile jina lako kujitaja kila baada ya nusu dakika. Mara moja mwanzoni, mara moja mwishoni. Anayependa miksi atalitafuta jina.

Watu watakuambia ni bahati tu, watakutajia Uncle Waffles, DJ wa amapiano. Kweli, video iliyomfanya dada huyu wa Eswatini ajulikane dunia nzima ni ya Oktoba 2021, kwenye ukumbi wa Zone 6, Soweto, Afrika Kusini, siku aliyopanda kujaza nafasi ya DJ ambaye hakutokea. Lakini uliza alikuwa anafanya nini pale ukumbini siku ile, tayari, na muziki wake, akijua kucheza na kujua kupiga. DJ asiyetokea yupo kila wiki, hata Mwanza. Swali ni nani anapigiwa simu.

Mfano wa karibu zaidi ni singeli yenyewe. Ilikulia uswahilini Dar, kwenye vigodoro vya Manzese, Tandale na Mburahati, na watu wa mjini waliiita kelele za wahuni. Vijana wa Sisso Studios pale Mburahati hawakuipunguza mwendo ili ipendwe. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wao, na baada ya hapo wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya Ulaya. DJ Travella akafuata na albamu yake 2022 akiwa bado kijana mdogo kabisa. Walichopeleka huko ni kile kile cha mtaani kwao. Wangepeleka nakala ya muziki wa Berlin, Berlin wanao wa kwao.

Sasa tuje kwa wanaotoa kazi. Hawako kwenye simu yako. Wa kwanza ni MC, maana mara nyingi kamati inamwachia yeye aje na DJ wake. Wa pili ni fundi mitambo, mwenye spika. Huyu ma-DJ wengi wanamdharau, na ni kosa kubwa. Ukipandisha sauti mpaka taa za mikisa zinakaa kwenye nyekundu, unafikiri unaongeza raha; yeye anaona spika zake zinaungua. Fika saa mbili kabla ya shughuli kuanza, msalimie, muulize anataka ukomee wapi, na ukomee hapo. Ukihitaji sauti zaidi mwombe yeye aongeze upande wake. Atakayeulizwa wiki ijayo "una DJ mtulivu?" ni huyo huyo fundi. Wa tatu ni ma-DJ wakubwa wa hapo mjini. Omba kuwafungulia. Na ukifungua saa 2 usiku watu bado wanakula, usipige nyimbo kali za usiku. Hizo ni za mwenye zamu. Piga zilipendwa, piga dansi, piga rumba ya taratibu, acha watu waongee. Ukimaliza ukumbi ukiwa umechangamka lakini haujachoka, huyo mkubwa atakuita tena.

Vifaa nitavipitia haraka kwa sababu nadhani unavyo vya kutosha. Hiyo kontrola ya mkono wa pili ibaki. Ila jifunze pia kupiga kwa flashi kwenye CDJ, zile mashine za kupigia zisizohitaji kompyuta, maana kumbi kubwa na matamasha ndivyo walivyo, na hawatakuruhusu kuhamisha mitambo kuweka yako. Andaa nyimbo kwenye Rekordbox, zipeleke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, maana ndiyo inayosomwa na mashine nyingi, hata za zamani, na uwe na flashi mbili zinazofanana. Nunua nyaya zako mwenyewe za sauti, za RCA na XLR, na ekstensheni ndefu. Kompyuta ya dada ni tatizo siku atakayoihitaji Jumamosi, kwa hiyo fedha ya kwanza utakayoweka akiba iende huko. Umeme ukikatika jenereta haliwaki sekunde hiyo hiyo. Kompyuta yenye betri nzima inakuokoa aibu ya kusubiri iwake upya.

Masikio. Kelele za desibeli 85 wataalamu wanaruhusu kwa saa nane. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unapungua nusu, kwa hiyo kwenye 100 umebakiwa na kama robo saa. Wewe unakaa hapo saa sita. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, na spika ya kusikilizia usiipandishe kuliko unavyohitaji.

Je, inalisha? Inalisha anayeiendesha kama biashara. Acha baa iwe mazoezi yenye nauli, na uhesabu kwa sherehe. Kwenye bei yako weka usafiri wa kwenda na kurudi usiku, data, uchakavu wa vifaa, siku ya maandalizi na usiku wenyewe. Ukikuta jumla inazidi unacholipwa, hiyo shughuli wewe ndiye unayeichangia. Chukua kianzio cha nusu kabla, iliyobaki ilipwe kabla ya kufungua muziki, maana baada ya saa 6 mhazini wa kamati huwa haonekani. Andika makubaliano ukurasa mmoja: tarehe, ukumbi, saa ya kuanza na kumaliza, bei ya kila saa ya ziada, nani analeta spika. Hata kwa rafiki. Hasa kwa rafiki.

Jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza. Pata TIN, namba ya mlipakodi, kwa sababu kampuni ikikuita kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka itataka ankara na TIN kabla ya kukulipa, na kazi za kampuni ndizo zisizobishania bei. Maswali ya hakimiliki yapeleke COSOTA, ofisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, usipokee majibu ya vijiweni. Na zingatia saa za kufunga na kiwango cha kelele. NEMC, wale wa mazingira, wakiifungia baa, DJ ndiye wa kwanza kukosa kazi.

Kuhusu Dar, ushauri wangu ni usihame sasa. Dar utakuwa DJ wa mia tano anayepiga amapiano vizuri, unalipa kodi ya chumba Mbagala, na hujui MC hata mmoja. Mwanza unaweza kuwa wa kwanza kwenye jambo moja ndani ya mwaka mmoja na nusu. Halafu Wasukuma wamejaa Dar pia, wanaoa na kuozesha kila Jumamosi, na kamati zao hazipendi kubahatisha. Ukifika huko kwa kuitwa, na nauli imelipwa, ni tofauti kabisa na kufika na begi. Nenda kutembea wiki moja ukipenda, omba kusimama nyuma ya DJ anayefanya kazi unayoitaka, uangalie anavyoongea na MC kuliko unavyoangalia mikono yake.

Na wiki hii, kabla ya Ijumaa, rekodi miksi ya nusu saa isiyo na wimbo hata mmoja kati ya zile mnazopiga wote hapo Buzuruga. Nitumie. Nitaisikiliza yote, na nitakuambia ni dakika ipi ningeinuka kwenda kununua maji.